Tamasha la sanaa kijijini: mwongozo kamili wa kulianzisha na kulifanya lidumu

Ukitaka kujua kama tamasha la kijijini litadumu, usiende usiku wa kilele. Nenda kesho yake alfajiri, mafundi wakiwa wanakunja waya na lori la mitambo limeshawasha injini. Asubuhi kama hiyo nilimkuta mzee mmoja kwenye shamba lake, tulipokuwa tumeegesha magari ya wageni. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mzee hakuwa amekasirika. Alikuwa anachomeka fimbo yake kwenye mifereji iliyochimbwa na magurudumu, anaichomoa, anatazama tope limefika wapi. Akaniuliza, "Hapa mwanangu, nani atasawazisha?" Kamati yetu ilikuwa na watu 11 na hakuna aliyekuwa na jibu, maana hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mkazi wa pale. Tamasha lile lilifanyika mara mbili, likafa. Wasanii walikuwa wazuri, uwanja ulijaa, magazeti yaliandika.

Tangu hapo, kila nikiombwa ushauri naanza na swali la yule mzee. Tamasha la kijijini hudumu likiwa mikononi mwa watu wanaobaki lori likishaondoka. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mtiririko wa kazi, kuanzia miezi 18 kabla hadi wiki chache baada ya tamasha, na karibu zote zinarudi kwenye jambo hilo moja.

Hatua ya 1. Sikiliza kabla hujatangaza (miezi 18 kabla)

Usiwe na nembo. Usiwe na jina la tamasha, na tafadhali usifungue ukurasa mtandaoni. Ukifika kijijini na nembo, umefika na uamuzi, na wanakijiji wanautambua uamuzi hata ukija umevaa nguo za ushauri. Watakupigia makofi mkutanoni, kisha hutawaona tena.

Mkutano wa hadhara una kazi yake, lakini pale husikika wenye sauti kubwa. Wengine wafuate walipo: mwenye shamba linalopakana na uwanja, fundi wa ngoma ambaye hajapiga miaka mitano, vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki, wanawake wanaochota maji kwenye kisima ambacho wageni wako watakitegemea. Wanawake, vijana na wazee kaa nao kila kundi peke yake, kwa sababu kijana hatasema mbele ya baba yake kwamba wazee wanamaliza fedha za kijiji.

Maswali ninayobeba ni haya:

- Ni sanaa zipi zinafanyika hapa bila kuitwa na mtu, na nani anazifundisha?
- Ni zipi hazipaswi kupanda jukwaani kabisa?
- Ni miezi gani watu wana kazi nyingi shambani, na ni miezi gani wana fedha mkononi?
- Msiba ukitokea siku ya tamasha, desturi inatutaka tufanye nini?
- Mradi wa mwisho ulioletwa na wageni uliishia wapi?
- Nani hasemezani na nani?

Swali la mwisho huonekana la umbea, lakini ndilo limeniokoa mara nyingi zaidi. Ukiweka lango la kuingilia upande wa familia moja na kuuacha upande wa pili, umechukua upande kwenye ugomvi wa miaka 30 bila kujua.

Usikilizaji huu huchukua muda kuliko unavyodhani. Tamasha la Echigo-Tsumari nchini Japani, linalofanyika katika eneo la milima lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 760 mkoani Niigata, lilianza mwaka 2000 baada ya miaka kadhaa ya mikutano na upinzani mkali wa madiwani na wakazi. Walihoji sanaa ya kisasa ina faida gani kwa vijiji ambavyo vijana wamevihama na shule zinafungwa. Mwasisi wake, Fram Kitagawa, aliendelea kuzunguka na kueleza, kijiji kwa kijiji. Angetaka kuanza haraka angeweza kutafuta ukumbi mjini, na leo hakuna ambaye angelikumbuka tamasha lile.

Hatua ya 2. Tafuta jibu la "kwa nini hapa"

Chukua bango lako la majaribio, futa jina la kijiji, andika jina la kijiji kingine chochote. Kama bango bado linaleta maana, huna tamasha la pale. Una burudani iliyokodishiwa uwanja, na siku mtu mwenye uwanja mzuri zaidi akijitokeza, litahama.

Majibu mazuri ya swali hili hutofautiana sana. Hay-on-Wye, mji mdogo wenye watu wasiofika 2,000 mpakani mwa Wales na Uingereza, tayari ulikuwa umejaa maduka ya vitabu vya mitumba tangu miaka ya 1960. Tamasha la vitabu lilipoanza mwaka 1988, lilikuta sababu inalisubiri. Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, tamasha lililoanza mwaka 2008 limejengwa juu ya ukweli kwamba jamii 14 zinaishi katika eneo hilo na zina historia ya kugombania maji na malisho. Kucheza uwanja mmoja mbele ya macho ya wenzao kuna uzito ambao haupatikani kwenye ukumbi wa jiji. Tamasha la Jangwani nchini Mali, lililoanza mwaka 2001, lilisimama juu ya mikusanyiko ambayo Watuareg walikuwa nayo tayari, ya kukutana baada ya miezi ya kuhamahama, kupashana habari, kumaliza mashauri na kuimba.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Echigo-Tsumari hukohuko. Wasanii Ilya na Emilia Kabakov waliweka sanamu za wakulima kwenye mashamba ya mpunga ya ngazi: mmoja analima, mwingine anapanda, mwingine anavuna. Ukisimama kwenye jukwaa la ng'ambo, maneno yanayoeleza kazi hizo yanatua juu ya mandhari yenyewe. Mwenye mashamba mwanzoni hakutaka. Alikuwa tayari anafikiria kuacha kilimo. Alipoelewa kwamba kazi ile inasimulia jasho la watu kama yeye, alikubali. Kazi hiyo huwezi kuibeba ukaiweka kwingine, maana nusu yake ni shamba na nusu ya shamba ni mkulima.

Hatua ya 3. Amua mapema tamasha ni la nani

Hapa ndipo matamasha mengi hufia, na mara nyingi hufa kimyakimya. Mwanzilishi ana ari, anafanya kila kitu, namba za wasanii wote ziko kwenye simu yake. Mwaka wa nne anachoka, anaoa, anahama au anagombana na mhazini. Tamasha linaondoka naye.

Andika katiba fupi, kurasa tatu zinatosha, yenye mambo haya yasiyojadiliwa upya kila mwaka. Zaidi ya nusu ya wajumbe wawe wakazi wanaolala kijijini mwaka mzima. Akaunti ya benki iwe ya tamasha, iwe na watia saini watatu na kila malipo yapitishwe na wawili, mmoja wao akiwa mkazi. Uongozi uwe na ukomo. Na kila mwenye kazi awe na msaidizi anayeijifunza: mpanga jukwaa ana wa kumrithi, mhazini ana wa kumrithi, hata mwenye ufunguo wa stoo. Ukiona mtu hataki kuwa na msaidizi, hapo ndipo pa kuanzia.

Ardhi nayo iandikiwe. "Tumeelewana na mzee" huisha siku mzee akifariki na watoto kumi wakija kugawana. Mkataba useme uwanja utatumika siku ngapi, nani anarekebisha uharibifu, kwa muda gani na kwa fedha ipi. Kama mna uwezo wa kumiliki eneo, jueni kwamba umiliki hubadilisha hata tabia. Tamasha la Woodford huko Queensland, Australia, lilianza mwaka 1987 katika mji wa Maleny, likahamia mwaka 1994 kwenye shamba lililochoka la malisho ya ng'ombe wa maziwa. Tangu hapo watu wake wamepanda zaidi ya miti 100,000 pale. Mtu hapandi mti wa kivuli kwenye uwanja wa kukodi.

Oberammergau, kijiji cha Bavaria nchini Ujerumani, kimekwenda mbali kuliko wote. Wanakijiji waliweka nadhiri wakati wa tauni mwaka 1633, wakaigiza mchezo wa mateso ya Yesu kwa mara ya kwanza mwaka 1634, na mpaka leo wanauigiza kila baada ya miaka kumi. Kupanda jukwaani ni lazima uwe umezaliwa pale au umeishi pale miaka 20. Kuanzia Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia, waigizaji huacha nywele na ndevu zikue, kiasi kwamba ukipita mtaani unamwona fundi bomba mwenye ndevu za mtume. Sishauri mtu yeyote aige kanuni ya miaka 20. Ingekuwa kichekesho kwenye kijiji cha wahamiaji. Nachosema ni kwamba wamelifanya tamasha kuwa haki ya mkazi, na haki watu huilinda.

Mkiwa na vijana wa kujitolea kutoka mjini, wapokeeni, lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Echigo-Tsumari ina kundi la watu wa kujitolea liitwalo Kohebi, maana yake nyoka mdogo, na wanachama wake hushiriki kazi za mashamba na za theluji hata nje ya msimu wa tamasha. Kwa njia hiyo mwenyeji anamfahamu kwa jina yule kijana anayemwelekeza mahali pa kuegesha.

Hatua ya 4. Chagua tarehe kwa kalenda ya kijiji

Chukua karatasi kubwa, chora miezi 12, ujaze pamoja na wenyeji: mvua, kupanda, kupalilia, kuvuna, mitihani ya shule, sikukuu za dini zote zilizopo, siku za soko, sherehe za kijiji jirani. Kinachobaki kitupu mara nyingi ni wiki tatu au nne tu. Humo chagua siku zenye mwezi mchanga kuelekea mpevu. Sehemu isiyo na taa za barabarani, mbalamwezi ni mali.

Halafu jiulize kama ni lazima liwe kila mwaka. Wafadhili hupenda kila mwaka kwa sababu ripoti zao ni za kila mwaka. Kijiji hakina mkataba huo. Echigo-Tsumari ni kila baada ya miaka mitatu, Oberammergau kumi. Tamasha la muziki la Glastonbury nchini Uingereza, lililoanzia mwaka 1970 kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Michael Eavis huko Pilton, hupumzika baada ya kila miaka michache, kama ilivyokuwa mwaka 2006, 2012 na 2018, ardhi ipumue na majirani wapate usingizi. Ukiwa na kamati ya watu wanane wenye mashamba na watoto, miaka miwili kati ya tamasha na tamasha inaweza kuwa ndiyo siri ya miaka 20.

Hatua ya 5. Pima ukubwa kwa shingo ya chupa

Watu hupanga ukubwa kwa kuangalia uwanja. Uwanja karibu kila mara ni mkubwa kuliko vitu vingine vyote. Kaa chini upige hesabu ya kila kitu kingine, kisha ile namba ndogo kuliko zote ndiyo idadi ya wageni wako.

Vyoo. Mtu mmoja hutumia wastani wa dakika tatu, yaani tundu moja huhudumia watu 20 kwa saa, au kumi katika mapumziko ya nusu saa. Ukiwa na wageni 600 na theluthi moja wakanyanyuka pamoja ngoma inapokatika, unahitaji matundu 20. Una matundu manane? Basi una tamasha la watu 240, au utaratibu wa kutokuwa na mapumziko ya pamoja. Kumbuka pia kwamba foleni ya wanawake ndiyo huwa ndefu, na kugawa nusu kwa nusu ni kuwaonea.

Maji. Kwenye kambi za dharura kiwango cha chini kinachotumika ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa matumizi yote. Anayelala pale mhesabie hivyo. Anayekuja na kuondoka jioni mhesabie angalau lita tano, kunywa na kunawa. Wageni 600, theluthi wakilala, ni lita 5,000 kwa siku. Je, kisima kinatoa hizo baada ya kijiji kupata zake? Kama jibu ni hapana, agiza maji kwa lori, au punguza watu. Mwanamke wa kijijini akikuta kisima kimekauka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya tamasha lako, hakuna ngoma itakayomfanya alipende.

Njia ya kutoka. Katika hali nzuri, nafasi yenye upana wa mita moja kwenye ardhi tambarare hupitisha watu wasiozidi 80 kwa dakika. Gizani na kwenye tope punguza nusu. Mbele ya jukwaa usiruhusu watu zaidi ya wanne kwa mita moja ya mraba. Wakizidi hapo, mtu akianguka hawezi kuinuka, na umati unaanza kuyumba kama maji.

Vitanda na barabara utavihesabu mwenyewe kwa mtindo huohuo. Barabara ihesabu ikiwa imenyeshewa. Wacken, kijiji cha Ujerumani chenye watu takribani 2,000, huandaa tamasha kubwa la muziki wa metali, yaani roki nzito, tangu mwaka 1990, wana miongo mitatu ya uzoefu na mitambo ya kila aina; mwaka 2023 mvua iligeuza maegesho kuwa bwawa la tope na waandaaji wakalazimika kusimamisha uingiaji, wenye tiketi mkononi wakarudishwa. Ikiwa wao yamewakuta, wewe mwenye kreti tatu za kokoto jiandae.

Namba ikipatikana, iandike kwenye katiba. Shinikizo la kukua litaanza mwaka wa pili, na litaletwa na watu wanaowapenda.

Hatua ya 6. Bajeti inayosimama hata wageni wakipungua

Tengeneza bajeti inayolipa gharama zote kama wakija nusu ya watu unaowatarajia. Usikubali mfadhili mmoja abebe zaidi ya theluthi moja. Ukubwa na sifa hazikingi hapa: tamasha la muziki la Sauti za Busara la Zanzibar, ingawa ni la mjini na lilikuwa limeshafanyika kila mwaka tangu 2004, liliahirishwa mwaka 2016 kwa kukosa fedha za kutosha, likarudi mwaka uliofuata. Lenye jina dogo lisingerudi. Kila tamasha likiisha na salio, weka sehemu yake akiba mpaka ifike gharama za tamasha moja zima lililobanwa.

Fedha zinazobaki kijijini ndizo zinazonunua mwaka ujao. Jukwaa, uzio, mabanda na ulinzi vifanywe na watu wa pale kwanza, kabla hujapiga simu mjini. Tamasha la Ziro, kaskazini-mashariki mwa India, tangu lianze mwaka 2012 hujengewa majukwaa ya mianzi na mafundi wa jamii ya Waapatani wa bonde la Ziro. Fundi analipwa, mianzi ni ya pale, na muonekano wake hauigiki. Wenye mabanda ya biashara wa kijijini wapewe nafasi za mbele na ada nafuu. Nimewahi kuona wachuuzi kutoka mbali wakipewa lango kuu kwa sababu walilipa mapema kwa simu, wenyeji wakasukumwa nyuma ya vyoo. Kelele yake ilidumu kuliko muziki.

Lipa fedha taslimu au kwa simu siku ileile kazi inapoisha. Msanii wa kijijini alipwe kwa kiwango kinachojulikana, na usimwambie kwamba "anapata nafasi ya kujitangaza". Anajulikana. Ni wewe uliyekuja hujulikani. Na tamasha likiisha, mapato na matumizi yabandikwe ubaoni mahali watu wanapopita, kwa lugha wanayoisoma, mpaka senti ya mwisho. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anataka pia kuona amepona kwa kiasi gani.

Hatua ya 7. Programu: wenyeji wasiwe kiingilio

Kosa la kawaida: vikundi vya kijijini vinapangiwa saa nane mchana, juani, mbele ya viti vitupu na mafundi wanaojaribu spika, huku msanii wa mjini akipewa saa tatu usiku. Mara moja inasameheka. Ukirudia, vikundi hivyo vitakuja kwa posho tu.

Wape wenyeji saa yenye watu. Wape na kujaribu sauti, maana ngoma, zeze na sauti za akina mama ishirini haziwekewi kipaza sauti kama gitaa. Fundi wa mitambo aende mazoezini kwao wiki moja kabla, akasikilize wanasimama vipi na nani anaongoza. Huko Wacken, kikundi cha matarumbeta cha zimamoto wa kijiji kimekuwa kikifungua tamasha, na mashabiki wa metali wenye makoti meusi huwashangilia kama wafalme. Kimewekwa kwenye tukio ambalo kila mtu analisubiri, ndiyo maana hakionekani kama cha kujazia muda.

Kuhusu kurekodi: omba ruhusa kabla, kwa maneno yanayoeleweka, na sema video itaenda wapi. Kuna nyimbo za kuimbwa pale na kuishia pale. Mwenye wimbo akisema hapana, kamera zishuke.

Nusu nyingine ya programu ni mafunzo, na hii ndiyo nusu inayodharauliwa. Mwaka 1981, katika kisiwa cha Barra huko Uskoti, watu waliokuwa na hofu kwamba watoto hawajui tena nyimbo na lugha yao ya Kigaeli walianzisha tamasha ambalo kiini chake kilikuwa kufundisha watoto ala, nyimbo na ngoma. Wazo likasambaa, leo kuna makumi ya matamasha ya aina hiyo Uskoti yaliyounganishwa na chama chao. Tamasha la jukwaa peke yake linakula wasanii wa kijiji. Lenye mafunzo linawazaa, na mtoto akipanda jukwaani kwa dakika sita, nyuma yake kuna mama, shangazi, majirani na mwalimu waliokuja kumwona.

Hatua ya 8. Siku zenyewe

Sitaeleza kila kitu. Vibali, bima na polisi vina taratibu zake kila nchi, zifuate mapema. Nisisitize mambo ambayo hayasemwi.

Mtu mmoja, mwenye jina linalojulikana na wote, awe na mamlaka ya kusimamisha tamasha. Si kamati. Radi ikianza, hakuna muda wa kikao. Huyo asiwe mshereheshaji wala mwenye fedha, maana wote wawili wana sababu za kutaka liendelee.

Njia ya gari la wagonjwa ibaki wazi saa zote, na mtu yeyote azuiwe kuegesha hapo hata akiwa mgeni rasmi. Hasa mgeni rasmi. Hotuba ziwe na dakika, na ziwe mwanzoni.

Umeme wa jukwaa utenganishwe na umeme wa mabanda. Hili nilijifunza vibaya. Usiku wa pili wa tamasha moja, mchuuzi alichomeka jiko la umeme kwenye waya uleule wa mitambo, jenereta likakohoa, likazima. Giza dakika 40. Kikundi cha akina mama kilichokuwa jukwaani kikashuka, kikaimba katikati ya watu bila kipaza sauti, simu zikawaka. Mpaka leo watu hulisimulia kama tukio tamu kuliko yote. Mimi namkumbuka mama aliyekuwa anarudi nyumbani, akateleza kwenye mtaro ambao hatukuuwekea kamba, akavunjika kifundo cha mguu. Jenereta la pili dogo, kwa ajili ya taa za njia pekee, lingegharimu kidogo kuliko kitambaa cha nyuma ya jukwaa.

Watoto watapotea. Weka mahali pamoja penye bendera inayoonekana juu ya vichwa, na mama wawili wa kijijini wanaowajua watoto na ukoo wao.

Hatua ya 9. Siku 20 baada

Hapa bajeti huwa imekwisha na watu wamechoka, kwa hiyo fedha za hatua hii zitengwe mwanzo na zisiguswe. Usafi uanze alfajiri ileile, kwa timu iliyolala mapema, waliosherehekea hawafagii. Siku ya pili, mjumbe mmoja na mwenye ardhi watembee uwanja mzima wakiandika uharibifu: uzio, mifereji, mimea, kisima. Nendeni pia kwa waliokerwa, mlango kwa mlango, kabla hawajaja wao. Wengi hawatadai kitu. Watataka kusikilizwa na kujua nani wa kumpigia simu mara nyingine.

Ndani ya siku kumi fanyeni mkutano, hesabu ikiwa ubaoni. Ajenda ni tatu: kilichotukera, kilichotufaa, na kama turudie. Hiyo ya tatu iulizwe kwa dhati, kura ikiwezekana. Kijiji kikisema tupumzike mwaka, pumzikeni.

Kisha daftari. Moja, gumu, la kuandikwa kwa mkono, linakaa kijijini. Ndani yake kila mwenye kazi anaandika kurasa mbili: alifanya nini, wiki gani, kwa nani, kwa bei gani, na angefanya tofauti nini. Nani ana ufunguo wa stoo. Waya gani umekatika. Jina la fundi aliyekuja saa sita usiku bila kulalamika. Tamasha la Jangwani lilikutana kwa mara ya mwisho kwenye ardhi yake Januari 2012, mwezi uleule vita vilipolipuka kaskazini mwa Mali. Kuna mambo kamati yoyote haiyawezi, na yakitokea, yaliyoandikwa na yaliyofundishwa ndiyo yanayobaki.

Shamba la yule mzee tulikuja kulisawazisha, wiki saba baadaye, kwa trekta la kukodi. Kazi ilichukua nusu siku, na bei yake haikufika ya mabango tuliyoyabandika barabarani. Tulipofika tulikuta ameshapanda mstari wa miche ya uzio, kuanzia kona hadi kona, upande wote wa barabara.